Mwelekeo wa Kweli kwa Vyombo Visivyo Kamili

Mwishoni mwa Mei 1916, vituo vya redio vya pwani ya mashariki ya Uingereza vilikuwa vikifuatilia mawasiliano ya manowari za Ujerumani zilizotia nanga karibu na Wilhelmshaven. Maneno yaliyorushwa hewani yalikuwa ya mafumbo, lakini vituo hivyo havikuhitaji kuyaelewa. Kazi yake ilikuwa kupima mawimbi yanatoka upande gani. Mhandisi aliyevisimamia, Henry Joseph Round wa kampuni ya Marconi, aliona kwamba mwelekeo wa meli moja umehama kwa nyuzi 1.5 hivi, na hesabu ikaonyesha kuwa meli ile imesogea maili chache kutoka bandarini kuelekea bahari kuu. Habari ikamfikia Admirali Sir Henry Jackson, mkuu wa Jeshi la Majini, na jioni ya Mei 30 manowari za Admirali Jellicoe zikang'oa nanga kutoka Scapa Flow. Kesho yake yakapiganwa mapigano ya Jutland, makubwa kuliko yote ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 Jackson mwenyewe alieleza hadharani kwamba vipimo hivyo ndivyo vilivyomfanya aamuru meli zitoke.

Vituo vya Round vilitumia mtindo uliobuniwa na Waitaliano Ettore Bellini na Alessandro Tosi mwaka 1907: vitanzi viwili vikubwa vya waya vilivyosimamishwa vikikatana kwa pembe mraba, na ndani ya kibanda koili ndogo iliyozungushwa kwa mkono mpaka sauti ififie kabisa. Pale inapofifia ndipo mwelekeo unaposomwa. Round aliongeza vali za kukuza ishara dhaifu. Hata hivyo vitanzi viwili havilingani kikamilifu kamwe, nyaya na milingoti ya karibu huyapotosha mawimbi, na ukingo wa pwani, pale nchi kavu inapokutana na maji, huyapinda kidogo. Kosa la kituo kimoja lingeweza kabisa kuzidi nyuzi hizo 1.5. Iliwezekanaje basi badiliko dogo kuliko kosa la chombo liaminiwe kiasi cha kulipeleka jeshi zima baharini? Iliwezekana kwa sababu Round hakuhitaji kujua meli ile iko upande gani hasa, alihitaji kujua kama imehama. Kosa la kituo, kwa ishara inayotoka upande uleule na kwa mawimbi ya urefu uleule, hubaki karibu lilelile leo na kesho. Ni kama mizani ya dukani inayozidisha gramu 50 kwa kila mzigo: uzito inaousema si wa kweli, lakini tofauti kati ya mzigo wa jana na wa leo ni ya kweli.

Kwa kawaida historia ya kutafuta mwelekeo wa ishara husimuliwa kama historia ya vyombo vilivyozidi kuwa vikubwa, vyepesi vya kusikia na vya gharama. Ushahidi unaonyesha jambo jingine. Hatua kubwa zilipigwa na watu waliokubali kwamba vipokezi vyao vina kasoro wasizozijua, wakatafuta swali ambalo kasoro hizo haziwezi kuliharibu jibu lake. Na kila walipofanikiwa, kilibaki kitu kimoja ambacho chombo hakikuweza kujipatia chenyewe, ikabidi kiazimwe kutoka nje.

Wako wanahistoria watakaopinga mfano wa Jutland, na wana haki ya kusikilizwa. Wanasema kilichozitoa meli za Jellicoe ni kazi ya wafumbuzi wa siri wa chumba namba 40 cha makao makuu ya majini London, ambao tayari walikuwa wamesoma dalili kwamba Wajerumani wanajiandaa. Ni kweli kwamba Jackson hakuwa na chanzo kimoja tu cha habari. Lakini tukio la siku iliyofuata linaitia nguvu hoja yangu. Kapteni Thomas Jackson, aliyeongoza idara ya operesheni, aliuliza vituo vinaiweka wapi ishara ya wito DK, ambayo ilijulikana kuwa ya Admirali Scheer. Akajibiwa: iko kwenye mlango wa mto Jade, yaani bandarini. Jellicoe akaarifiwa kwamba adui bado hajatoka. Mwelekeo uliopimwa ulikuwa sahihi kabisa, ila Scheer alikuwa na desturi ya kuiacha ishara hiyo nchi kavu kila anapokwenda baharini, na wafumbuzi wa siri walilijua hilo, lakini hawakuulizwa. Kifaa kilekile, katika juma lilelile, kilitoa jibu la kuaminika kwa swali moja, kikapotosha kwa swali jingine ambalo hakikuwa na uwezo wa kulijibu.

Baada ya vita, makosa yenyewe yakaanza kuchunguzwa kwa makini. Vitanzi vilivyofanya kazi vizuri mchana vilipotoka vibaya usiku, na mwaka 1921 T. L. Eckersley alieleza sababu: usiku mawimbi huakisiwa kutoka tabaka la juu la anga na kushuka yakiwa yamegeuka mkao, hivyo yanachochea umeme katika sehemu za kitanzi zilizolala, ambazo hazikukusudiwa kunasa chochote. Frank Adcock alikuwa amekwisha kusajili mwaka 1919 muundo usio na sehemu hizo, wenye milingoti ya kusimama peke yake. Melini tatizo lilikuwa tofauti. Chuma cha meli nacho ni antena, kinanasa wimbi na kulirusha upya, na kosa lake huongezeka na kupungua, likibadili upande kila robo ya duara. Dawa yake ilikuwa ile ambayo wataalamu wa vipimo huiita ugezi, yaani kukilinganisha chombo na kipimo kinachoaminika: chombo kingine cha baharini kinaizunguka meli kikirusha mawimbi, mtu sitahani anakipima kwa macho, mwingine anakipima kwa redio, na tofauti inaandikwa katika jedwali.

Kuna tukio moja linaloonyesha gharama ya kutojua mipaka ya kosa la chombo. Usiku wa Septemba 8, 1923, msafara wa manowari 14 za Marekani za aina ya destroya ulikuwa ukitoka San Francisco kwenda San Diego kwa mwendo wa noti 20, Kapteni Edward H. Watson akiwa ndani ya Delphy iliyotangulia. Ukungu ulikuwa umetanda. Kituo cha kupima mwelekeo cha Point Arguello kiliwapa kipimo kilichoonyesha kwamba bado wako kaskazini yake. Hesabu za mabaharia, zilizokisia mwendo na muda, zilisema wamekwisha kuipita rasi hiyo. Kitanzi cha kawaida hakiwezi kutofautisha mbele na nyuma, hivyo kipimo kingeweza kusomeka kinyume kwa nyuzi 180. Chombo kilikuwa kigeni kwao, na walijua kwamba hukosea bila kujua hukosea kiasi gani. Wakaamini hesabu zao. Saa tatu usiku msafara ukageuka kuelekea mashariki, ukidhani unaingia mlango wa Santa Barbara, na dakika chache baadaye Delphy ikagonga miamba ya Honda Point. Zikaifuata nyingine. Meli saba zilipotea, na mabaharia 23 wakafa. Kituo kilikuwa kimesema kweli.

Watu wengi huusoma mkasa huu kama hadithi ya wanamaji wakaidi. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtu aliyeambiwa kwamba chombo hiki hukosea, na asiambiwe kiasi gani wala katika hali gani, hana sababu ya haki ya kukiamini kuliko uzoefu wake wa miaka mingi baharini. Kosa lililokosa jedwali ndilo lililoua, kwa kuwa liliifanya kweli na upotovu vionekane sawa.

Vita Kuu ya Pili ilileta mitambo ya kuonyesha mwelekeo papo hapo kwenye kioo, iliyotokana na kazi ya Robert Watson-Watt ya kufuatilia radi miaka ya 1920, na ikafungwa kwenye meli za kulinda misafara ya Atlantiki ili kuzisaka nyambizi. Wajerumani nao walijenga huko Skisby, Denmark, duara la antena 40 lenye kipenyo cha meta 120, na Wamarekani baada ya vita wakaliiga kwa duara la antena 120 la Chuo Kikuu cha Illinois. Ulikuwa uhandisi wa hali ya juu. Lakini kwa habari ya makosa, fikra ilikuwa ileile ya jedwali: pima kasoro zote mapema, ziandike, kisha ziondoe. Fikra mpya ilitoka kwa watu waliotazama nyota.

Huko Jodrell Bank karibu na Manchester, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Roger Jennison alikuwa akijaribu kujua umbo la vyanzo vya redio vya mbinguni kwa antena zilizowekwa mbali mbali. Alichohitaji ni tofauti ya fezi, yaani tofauti ya hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake linapozigusa antena mbili kwa wakati mmoja. Kipimo hicho kiliharibiwa na kila kitu: hewa iliyo juu ya kila antena, mitambo inayopata joto na baridi, viungo vya redio vilivyounganisha vituo. Jedwali lisingefaa, maana kosa lilibadilika kabla wino haujakauka. Jennison aliona kwamba kila kosa lina mwenyewe, ni la antena fulani. Chukua antena tatu, A, B na C. Kosa la A linaongeza kipimo cha A na B, na linapunguza kwa kiasi kilekile kipimo cha C na A. Ukijumlisha vipimo vitatu kwa kuizunguka pembetatu, kosa la A linajifuta, la B linajifuta, la C linajifuta. Kinachobaki ni habari safi kutoka angani, hata kama hakuna antena hata moja iliyopimwa vizuri. Makala yake yalichapishwa mwaka 1958, na kwa miaka mingi ni wachache waliojishughulisha nayo.

Thamani ya wazo hilo ilionekana miaka ya 1970, wanaastronomia walipoanza kuunganisha darubini za redio zilizo katika mabara tofauti, kila moja ikiwa na saa yake na anga yake. Alan Rogers na wenzake walilifufua mwaka 1974, na mwaka 1978 Anthony Readhead na Peter Wilkinson wakaonyesha namna ya kutengeneza picha kutokana nalo. Hesabu yake inatia moyo. Antena tatu zina jozi tatu, na kati ya vipimo vyake vitatu vya fezi ni kimoja tu kinachosalimika. Antena 10 zina jozi 45, na vipimo 36 husalimika. Mtambo wa VLA wa New Mexico, wenye antena 27, una jozi 351, na 325 kati ya hizo, zaidi ya tisa katika kila kumi, ni huru kabisa na kasoro za fezi za antena. Kila antena mpya huleta kosa moja jipya, lakini pia huleta jozi na kila antena iliyotangulia. Wingi wa vipokezi vyenye kasoro, vikilinganishwa vyenyewe kwa vyenyewe, hushinda kasoro zao.

Upande wa rada, sona na upelelezi wa redio safari ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 1979 Ralph Schmidt, mhandisi wa California, alitoa njia iliyopewa jina la MUSIC, huku Ufaransa Georges Bienvenu na mwenzake Laurent Kopp wakifikia wazo la jamii hiyo kupitia sona. Njia hizo hutenganisha kwa hesabu sehemu ya vipimo yenye ishara na sehemu yenye kelele tupu, kisha hutafuta mielekeo isiyogusana na kelele hiyo. Matokeo yake yaliwashangaza watu: ishara mbili zilizo karibu sana, ambazo safu ya antena kwa mbinu za zamani ingeziona kuwa moja, zilijitenga waziwazi. Lakini MUSIC ilihitaji kujua kwa usahihi jinsi kila antena inavyoitikia wimbi kutoka kila upande. Antena ikisogea kidogo, waya mmoja ukirefuka kwa joto, antena jirani ikiirudishia nyingine sehemu ya wimbi, ule ukali wa kutenganisha unaporomoka. Na kuna ubaya zaidi. Kelele hupungua ukisikiliza kwa muda mrefu, lakini kasoro ya chombo haipungui hata ukisikiliza mwaka mzima.

Jibu la tatizo hilo lilichukua sura mbalimbali katika miaka ya 1980. Huko Stanford, Richard Roy, Arogyaswami Paulraj na Thomas Kailath walibuni ESPRIT. Paulraj alikuwa ofisa wa Jeshi la Majini la India aliyeongoza utengenezaji wa sona ya nchi yake, hivyo vipokezi vinavyoishi ndani ya maji ya chumvi hakuvijua kwa vitabu tu. Katika ESPRIT, vipokezi hupangwa jozi jozi, kila jozi ikiwa na umbali uleule na ikielekea upande uleule. Kila jozi inaweza kuwa na tabia yake isiyojulikana, mradi wawili wa jozi moja wafanane. Mwelekeo unasomwa kutokana na tofauti kati ya mapacha, na jedwali la antena nzima halihitajiki. Mwaka 1985 Paulraj na Kailath walikwenda mbele zaidi: antena zikiwa zimepangwa katika mstari kwa nafasi sawa, kila jozi yenye umbali uleule inapaswa kutoa uhusiano uleule, na pale isipoutoa, tofauti hiyo yenyewe inafichua kasoro ya kila antena. Mwaka 1987 Yosef Rockah na Peter Schultheiss wa Yale walichunguza sona ambayo hata mahali vilipo vipokezi vyake hapajulikani vizuri, na mwaka 1990 Anthony Weiss na Benjamin Friedlander wakatoa njia ya kupokezana: kisia mielekeo, kutokana nayo kisia kasoro, kutokana nazo rekebisha mielekeo, mpaka mambo yatulie.

Hapa ndipo sehemu ya pili ya hoja, ile ya kitu kinachoazimwa kutoka nje, inapothibitika, na kwa hesabu kabisa. Chukua mstari wa antena ambamo kila moja inalichelewesha wimbi zaidi ya jirani yake kwa kiasi kilekile. Safu hiyo itaona dunia nzima imegeuka kidogo, na hakuna ulinganisho wa ndani utakaoigundua, kwa sababu ishara halisi kutoka upande ule mwingine ingeleta vipimo vilevile. Njia ya Paulraj na Kailath inaacha utata huo wazi. Rockah na Schultheiss walionyesha kwamba vyanzo vitatu visivyojulikana vilipo vinaweza kutosha kulisahihisha umbo la safu, ila ni lazima pajulikane mahali pa kipokezi kimoja na mwelekeo kutoka hicho hadi kingine. Pembetatu ya Jennison nayo huhifadhi umbo la chanzo na kupoteza mahali pake halisi angani. Safu inaweza kujirekebishia kila kitu isipokuwa kaskazini yake.

Pingamizi la kwanza la siku hizi ni kwamba viwanda vinatengeneza antena zinazofanana mno, setilaiti zinatoa mahali na saa kwa usahihi mkubwa, hivyo tatizo limepitwa na wakati. Ingekuwa hivyo kama kasoro zote zingetoka kiwandani. Sona inayoburutwa nyuma ya meli hujipinda kila meli inapogeuka. Antena nzuri ikifungwa juu ya gari la chuma haiwi tena ile iliyopimwa maabara. Wengine wanategemea kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano, lakini mifano hiyo ni ishara ambazo mwelekeo wake ulijulikana tangu mwanzo, kwa hiyo kaskazini imeazimwa vilevile, kwa mlango mwingine.

Pingamizi zito zaidi ni la pili: chombo kinachojisahihisha kwa vipimo vyake chenyewe kinaweza kujidanganya, kikazalisha picha ya kile mtumiaji anachotarajia. Hatari hiyo ni ya kweli, na njia za kupokezana zinaweza kutulia mahali pasipo sahihi. Kazi ya Event Horizon Telescope, mtandao wa darubini za redio, inaonyesha jinsi ya kuikabili. Aprili 2017 darubini nane za nchi kavu zilielekezwa angani kwa mawimbi ya milimita 1.3, na saba kati yake ziliweza kuiona galaksi M87, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Hewa ilivuruga fezi ndani ya sekunde chache tu, na ulinganisho wa kuizunguka pembetatu ukawa nguzo mojawapo ya kazi. Kabla ya kulinganisha picha, wanasayansi waligawanyika katika timu nne zilizofanya kazi bila kuambiana matokeo. Kisha njia zao zikajaribiwa kwa data za kubuni zenye maumbo mengine, ili ionekane kama zingechora pete hata pasipo na pete. Picha ya pete iliyotangazwa Aprili 10, 2019 ilipita katika majaribio hayo.

Taasisi inayonunua safu ya antena leo, iwe ya kuzilinda meli, kuongoza ndege au kusaka vyanzo vya mwingilio wa mawimbi, huuliza kwanza ina antena ngapi na inasikia mbali kiasi gani. Naisihi iulize mambo mawili zaidi kabla ya kutia saini: kosa la mtambo linaelezwa kwa nyuzi ngapi na katika hali zipi, na ni kinara kipi cha redio kilicho mahali panapojulikana kitakachoupa mtambo huo kaskazini yake kila siku. Kinara kimoja cha redio juu ya mnara uliopimwa vizuri ni sehemu ndogo ya bei ya mtambo wote, na wahudumu wa zamu wafundishwe kukisoma kabla hawajafundishwa kitu kingine chochote.